Mwigizaji Mbele ya Jenerali

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu filamu moja ya siku nyingi kidogo. Kupitia filamu hiyo, tutamzungumzia pia kila mtu mwenye kipaji ambaye siku moja hujikuta amesimama karibu mno na wenye mamlaka.

Filamu inaitwa Mephisto. Iliongozwa na István Szabó wa Hungaria, ikatoka mwaka 1981, na mwaka uliofuata ikapewa Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa filamu ya Hungaria kuipata tuzo hiyo. Jina Mephisto ni la Ibilisi katika Faust, tamthilia kubwa ya Goethe. Humo kuna msomi, Faust, anayepatana na Ibilisi apewe anavyovitamani hapa duniani, naye atoe roho yake. Naomba uyaweke mapatano hayo akilini tunapoendelea.

Mhusika wetu ni Hendrik Höfgen, mwigizaji wa mji wa Hamburg, Ujerumani, kabla ya Hitler kuingia madarakani. Anaigizwa na Klaus Maria Brandauer wa Austria, kwa nguvu ambayo mtazamaji haisahau. Mwanzoni kabisa mwa filamu, ukumbi unamshangilia mwimbaji mmoja, mwanamke mashuhuri. Makofi hayaishi. Höfgen yuko chumba cha kuvalia, peke yake, anayasikia, na wivu unamtoa katika akili zake. Hajafanya ubaya wowote bado, lakini tumekwishajua njaa yake. Mtu huyu anataka kupendwa na umati, na akikosa hilo hana amani.

Wala si mtu wa kuchukiza. Ana bidii, ana ucheshi, ana kipaji cha kweli. Rafiki yake Otto ni mkomunisti, na pamoja wanapanga sanaa ya kuwafikia wafanyakazi. Anamwoa Barbara, binti wa familia ya wasomi. Kwa siri ana mpenzi, Juliette, mwalimu wake wa dansi, mwanamke mweusi mzaliwa wa Ujerumani. Kuna pia kijana Miklas, mwigizaji mwenzake katika kikundi, mfuasi wa Wanazi. Höfgen anagombana naye, na kijana huyo anapoteza kazi. Ungemuuliza Höfgen wakati huo kama yuko upande wa Hitler, angeona umemtukana.

Kisha unakuja mwaka 1933. Wanazi wanashika serikali, naye Höfgen yuko Hungaria akicheza filamu. Tayari yuko nje, msikilizaji. Ameshavuka mpaka. Barbara mkewe ameamua kuondoka Ujerumani, na yeye Höfgen anaweza kumfuata. Ndipo inapofika barua kutoka Berlin: rudi, hakuna atakayekugusa, kuna mwanamke aliye karibu na mkubwa mmoja ambaye amekuombea. Anarudi. Hakuna aliyemshikia bunduki. Ameitwa na jukwaa, naye ameitika.

Mkubwa huyo katika filamu anaitwa Jenerali tu. Ukimtazama unamtambua mara moja kuwa ni Hermann Göring, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Prussia, na ambaye majumba ya maonyesho ya serikali ya Prussia yalikuwa chini yake. Usiku mmoja Höfgen anaigiza Mephisto, uso umepakwa rangi nyeupe tupu. Wakati wa mapumziko Jenerali anamwita kwenye kiti chake cha juu. Wanapeana mikono. Ukumbi mzima unageuka kutazama juu, kama vile onyesho lenyewe limehamia huko, na kwa kweli limehamia. Jenerali anastaajabu kwamba mtu anayetisha hivyo jukwaani ana mkono mlegevu hivyo. Katika tendo hilo moja Szabó ametuonyesha kila mmoja anataka nini. Mwigizaji anataka kibali. Jenerali anataka sura nzuri, tena ya kisomi, ya kuiweka mbele ya utawala wake.

Kuanzia hapo Höfgen anapanda, na kila ngazi ina sababu yake nzuri. Anapewa ukurugenzi wa jumba la maonyesho la taifa, akajiambia kwamba akikataa atapewa mtu mbaya zaidi. Otto anapokamatwa mara ya kwanza, anamwombea, na Otto anaachiwa. Akaona ushahidi: nisingekuwa karibu na Jenerali, nani angemwokoa? Juliette anapoandamwa kwa rangi yake, anaomba asidhuriwe, naye anaondolewa nchini. Hapo pia akajiambia ametenda wema. Halafu Otto anakamatwa tena. Safari hii Jenerali anamfokea kama mtumishi na kumfukuza ofisini. Otto anakufa, na wakubwa wanasema amejiua. Yule kijana Miklas, aliyewaamini Wanazi kwa moyo wote, anapogundua kwamba wamemdanganya anathubutu kupinga, nao wanamuua. Usiku Höfgen anarudi jukwaani. Anaigiza Hamlet, yule mwana wa mfalme wa Shakespeare aliyejaa mashaka, na kumfanya shujaa wa Kaskazini anayelingana na matakwa ya wakubwa.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama si dhambi, sote tumeinama mahali fulani ili watoto wale. Lakini mtu anayeinama kila siku, kwa ajili ya kitu ambacho angeweza kuishi bila hicho, mwisho mgongo wake unasahau kusimama. Hayo ndiyo yaliyompata Höfgen. Mwishoni Jenerali anampeleka usiku katika uwanja mkubwa wa michezo wa Berlin, mtupu kabisa, na kuamuru mataa makali yammulike. Mwigizaji anakimbia huku na huku, mwanga unamfuata. Mtu aliyeitafuta taa ya jukwaa maisha yake yote sasa haivumilii. Naye anajitetea kwamba wanamtaka nini, yeye ni mwigizaji tu.

Hapo ndipo tunapoyaelewa yale mapatano. Alidhani anaigiza Ibilisi. Kumbe maishani alikuwa Faust, na Ibilisi wa kweli alikuwa amekaa kwenye kiti cha juu akimpigia makofi.

Msikilizaji, kisa hiki kina mzizi katika maisha ya kweli. Filamu imetokana na riwaya ya Klaus Mann, mtoto wa mwandishi Thomas Mann. Klaus aliondoka Ujerumani mwaka 1933, na riwaya yake ikachapishwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1936. Mtu halisi ambaye wasomaji walimwona nyuma ya Höfgen ni Gustaf Gründgens, mwigizaji maarufu wa Mephisto jukwaani Berlin. Gründgens aliwahi kuwa shemeji yake Klaus, maana alimwoa dada yake, Erika Mann, mwaka 1926, na wakaachana miaka michache baadaye. Mwaka 1934 alifanywa mkurugenzi wa jumba la maonyesho la serikali mjini Berlin, chini ya Göring. Mwandishi mwenyewe alisisitiza kwamba anaeleza aina ya mtu, hachori picha ya mtu mmoja. Watu wengi hawakumsadiki.

Otto naye ana kivuli chake katika historia. Hans Otto alikuwa mwigizaji kijana, mkomunisti, aliyependwa sana Berlin. Wanazi walipoingia alifukuzwa kazi. Novemba 1933 alikamatwa, akateswa, akatupwa dirishani, na tarehe 24 mwezi huo akafa, akiwa na umri wa miaka 33. Wakubwa wakasema amejiua.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Gründgens hakuwa mtu wa kuua, na kuna waliookolewa kwa msaada wake. Mwimbaji na mwigizaji mkomunisti Ernst Busch aliponea adhabu ya kifo wakati wa vita kwa sababu Gründgens alimhangaikia. Vita vilipokwisha Warusi walimfunga Gründgens kwa miezi kadhaa, na Busch yule yule akasimama kumtetea. Baadaye Gründgens akaongoza majumba makubwa ya Düsseldorf na Hamburg, akaheshimiwa mpaka alipofariki Manila mwaka 1963. Klaus Mann hakupata heshima hiyo. Mwaka 1949 mchapishaji mmoja wa Ujerumani Magharibi alikataa kuchapa Mephisto, kwa maelezo kwamba Bwana Gründgens ni mtu mkubwa huko. Mei ya mwaka huo huo, Klaus alijiua mjini Cannes. Baada ya kifo cha Gründgens, mrithi wake alikwenda mahakamani kuzuia riwaya isichapishwe. Mwaka 1971 majaji wa Mahakama ya Katiba waligawanyika watatu kwa watatu, na kwa hiyo marufuku ikabaki. Kitabu kilirudi madukani Ujerumani Magharibi mwaka 1981 tu, mwaka ule ule wa filamu.

Sasa tuulize: je, wema wa kumwokoa Busch unafuta kosa la kuutumikia utawala ule? Mimi naona haufuti. Namheshimu aliyeokoa hata mtu mmoja. Lakini tuangalie jinsi kibali cha mkubwa kinavyofanya kazi. Anayekiomba kwa ajili ya rafiki anakuwa amekiri kwamba maisha ya rafiki huyo ni hisani ya mkubwa. Leo anapewa, kesho ananyimwa. Na kila jioni Gründgens alipopanda jukwaani, sanaa yake iliuambia ulimwengu kwamba Berlin kungali na ustaarabu, kungali na Goethe, kungali na Shakespeare, na kwa hiyo mambo hayawezi kuwa mabaya kama wakimbizi wanavyosema. Hicho ndicho Göring alichokuwa akinunua. Watu wachache waliookolewa walikuwa chenji.

Tusidhani pia kwamba hakukuwa na njia nyingine. Wanazi walianzisha Baraza la Utamaduni la taifa mwaka 1933. Kila mwigizaji, mwanamuziki, mwandishi na mchoraji alitakiwa kuwa mwanachama, na asiyesajiliwa hakuruhusiwa kufanya kazi. Wayahudi walifungiwa nje. Hapo kila msanii alilazimika kuamua. Conrad Veidt, nyota wa filamu, hakuwa Myahudi, lakini mkewe alikuwa. Katika fomu ya kueleza asili yake akaandika kwamba yeye ni Myahudi, akaenda zake Uingereza. Albert Bassermann, mzee wa jukwaa aliyeheshimiwa nchi nzima, angeweza kuendelea kuigiza kama angekubali mkewe Myahudi asionekane tena jukwaani. Alikataa, akahama, akaanza upya Marekani uzeeni kwa lugha ambayo hakuizoea. Joachim Gottschalk, kipenzi cha watazamaji wa filamu, aliamriwa amwache mkewe Myahudi, Meta. Hakumwacha. Novemba 1941, mkewe na mtoto wao mdogo walipokuwa karibu kupelekwa kambini, wazazi hao wawili walijiua pamoja na mtoto wao.

Sikutajii hawa ili kumtaka kila mtu awe shahidi. Nawataja kwa sababu maneno ya "sikuwa na la kufanya" huwa yanatamkwa haraka sana. Veidt aliondoka. Bassermann aliondoka. Höfgen alikuwa ameshaondoka, akarudi.

Na sasa, msikilizaji, tumfikie mwigizaji mwingine wa Berlin ya Wanazi, ambaye lugha yake ilikuwa hii ninayozungumza nawe. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed, na huko Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa mtoto, akaingia jeshini pamoja na baba yake upande wa Wajerumani. Baada ya vita alifanya kazi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Serikali ilikataa. Akabaki. Alikuwa mhudumu katika jumba kubwa la starehe, akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Berlin, na akapata kazi ndogo ndogo katika filamu.

Filamu hizo ni zipi? Nyingi zilikuwa za kuwatamanisha Wajerumani makoloni waliyopoteza. Mwaka 1934 alionekana katika filamu kuhusu askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1941 ikatoka Carl Peters, filamu ya kumsifu Mjerumani wa jina hilo, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, aliyezunguka Usagara, Uzigua na Ukami mwaka 1884 akikusanya mikataba ya kuchukua ardhi. Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, akaigiza Mwafrika mtiifu ubavuni mwa Peters.

Je, naye tumweke benchi moja na Höfgen? Wote wawili waliigiza walichotakiwa na Wanazi. Wote wawili walipokea malipo. Lakini ukitazama wangeweza kufanya nini kingine, utaona tofauti kubwa. Mtu mweusi katika Ujerumani ya wakati ule alikuwa akifungiwa kazi moja baada ya nyingine, na studio za filamu zilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako sura yake ilihitajika. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Höfgen alinunua umaarufu. Mohamed Husen alikuwa akinunua mkate na siku nyingine ya kuishi. Na hata siku hizo hazikuwa nyingi. Mwaka 1941, mwaka ule ule wa Carl Peters, alikamatwa kwa tuhuma ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo Wanazi waliliita aibu ya rangi. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944, miaka 11 kamili tangu siku aliyokufa Hans Otto. Leo pale alipokuwa akiishi Berlin kuna jiwe dogo la shaba njiani lenye jina lake.

Katika filamu ya Szabó, Juliette ndiye pekee anayemtazama Höfgen na kumwona alivyo. Hana cha kupata kwake, na hana jukwaa la kulinda. Nikimtazama Juliette namkumbuka Mohamed Husen. Kwa watu kama hao ufashisti haukuja na ofa. Mwenye kipaji mweupe aliitwa na kubembelezwa. Wao walitumiwa na kutupwa. Kwa hiyo tunapomhukumu mtu aliyeishi chini ya udhalimu, tupime mambo mawili. Kwanza, alikuwa na njia ngapi za kutokea? Pili, alipochagua, bei alilipa nani? Bassermann alilipa mwenyewe, kwa nafasi yake na umaarufu wake. Bei ya Höfgen ililipwa na Otto, na Miklas, na Juliette.

Kuna jambo moja zaidi ambalo haifai kulipitia kimya. Mwaka 2006 gazeti moja la Budapest lilifichua kwamba Szabó mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi wa filamu baada ya mapinduzi ya Hungaria ya 1956 kuzimwa, aliwahi kuwa mtoa habari wa polisi wa siri. Alikuwa kijana mdogo, na nchi ilikuwa imejaa hofu na vifungo. Kuna walioona basi filamu yake ni ya unafiki. Mimi nasema hapana. Nadhani ndiyo maana Mephisto inauma kiasi hicho. Imetengenezwa na mtu aliyejua jinsi sababu nzuri zinavyokuja moja moja, na jinsi mtu anavyoweza kuzikubali zote huku akijiona bado ni yule yule wa jana. Lakini pia, alikaa miaka mingi akiwaeleza watu duniani udhaifu wa wengine kabla wa kwake haujatajwa. Yote mawili ni kweli, na tuyashike yote mawili.

Ndugu msikilizaji, mambo haya hayaishi kwa waigizaji wa Berlin. Mwimbaji ana jukwaa, mwandishi ana kalamu, mwalimu ana darasa, na mimi ninayekusemesha sasa nina kipaza sauti. Kila utawala unaoogopa watu wake unamhitaji mtu wa namna hiyo kuliko unavyohitaji bunduki mpya, kwa sababu bunduki inanyamazisha lakini haishawishi. Ukiitwa, usijidanganye kwamba wewe ni fundi tu na siasa ni ya wengine. Kazi yako ndiyo siasa yenyewe waliyokuitia. Jiulize mapema, ungali na nafasi ya kukataa, ni jambo gani hutalifanya hata kwa makofi ya dunia nzima, na ulitamke mbele ya mtu atakayekukumbusha. Höfgen hakuwahi kuliweka jambo hilo. Ndiyo maana kila alipofika mahali pa kusimama, aliona bado kuna hatua moja ndogo inayowezekana, akaipiga.

Itafute filamu hiyo uitazame pamoja na vijana wako. Kisha wasimulie habari za Mohamed Husen wa Dar es Salaam, maana naye aliigiza Berlin katika miaka ile ile, na anastahili kujulikana kwetu angalau kama Gründgens alivyojulikana kwao.